Kuikumbuka mbingu ukiwa sokoni

Tukizungumzia kuishi tukiutazama uzima wa milele, wengi wetu tunafikiria kwanza kuondoka kwenye kelele: kwenda mlimani kusali, kufunga, kuzima simu. Ukipata nafasi hiyo, itumie. Mimi nanunua na kuuza maharagwe hapa Busia, upande wa Uganda, na nikizima simu asubuhi kuna dereva atakayekwama mpakani na mzigo wangu. Basi ninayoyaandika hapa ni ya watu ambao hawana pa kukimbilia.

Tuanze na hiyo simu. Madereva na wakulima nimewapa namba ya simu ndogo ya tochi, na hiyo ndiyo inayolala karibu na kitanda. Ile kubwa yenye magrupu ya WhatsApp, siasa za Kampala na mikeka ya kubeti mpira inalala sebuleni mpaka nimalize kusali. Sisomi Biblia sana saa hiyo. Sura nzima nikiisoma na usingizi machoni, hata sijui imesema nini. Nachukua mstari mmoja au miwili, naondoka nayo.

Iliyokaa nami muda mrefu ni ya Wakolosai, sura ya 3. Paulo anawaambia waumini wayafikiri yaliyo juu, na mahubiri mengi niliyoyasikia yanaishia hapo. Wewe endelea kusoma. Sura hiyohiyo inashuka mpaka nyumbani kwa mtu: mume na mke wake, baba anayewachokoza watoto mpaka wanakata tamaa, mtumwa na bwana wake. Aya ya 23 inasema lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo, kama kwa Bwana. Ndiyo maana simwamini sana mtu anayeongea habari za mbinguni kutwa nzima na kibarua wake hajalipwa.

Kwangu mimi, jambo hili linapimwa kwenye mizani. Mkulima akishusha gunia, nachukua punje moja naing'ata. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikiacha alama ya meno, ina maji, na maji hayo ni uzito nitakaoulipia bure. Sasa shida ni kwamba nami nikiuza, mnunuzi wa upande wa pili akiwa na haraka hang'ati kitu. Naweza kuchanganya magunia mawili mabichi katikati ya yaliyokauka, na nisijulikane kabla lori halijafika Nairobi. Hapo ndipo mstari wa asubuhi unapokuwa na kazi. Kabla ya kupima nasema kimoyomoyo, "Bwana, unaona," kisha natenga mabichi yarudi kuanikwa. Hasara ipo, siwadanganyi. Mwezi wa ada za shule hasara hiyo inauma.

Kila mwaka mwishoni mwa Mei, mahujaji kutoka Kenya wanapita mjini kwetu kwa miguu kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, tarehe 3 Juni. Nikiwaona namkumbuka mmoja wa mashahidi hao, Karoli Lwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa mkubwa wake katika ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na siku hiyohiyo Lwanga akabatizwa. Halafu akarudi kazini. Kwa zaidi ya miezi sita aliendelea kuwasimamia vijana wahudumu wa ikulu, akiwafundisha dini na kuwakinga, mpaka walipokamatwa. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Sisi tunauhubiri sana ule moto. Mimi hiyo miezi ya kazi ndiyo inayonishangaza, kuamka kila siku na kumhudumia mtu anayeweza kukuua.

Kuna kelele nyingine ambayo hatuizungumzii sana, nayo iko kanisani. Kamati ya ujenzi, sare mpya za kwaya, spika zenye nguvu kuliko za jirani, mwanasiasa anayekuja na bahasha uchaguzi ukikaribia na kupewa kiti cha mbele. Unaweza kushinda kanisani Jumapili nzima na usimfikirie Mungu hata kidogo. Mimi katika kamati nimebaki na kazi moja tu, nyingine nimezikataa, na kuna waliokasirika.

Jioni nasikiliza matangazo ya vifo redioni. Majina, kijiji, saa ya mazishi. Hata huko tunajisifu kidogo, marehemu anatajwa kuwa baba wa fulani aliyeko Marekani, mjomba wa fulani wa wizarani. Lakini inanisaidia kusikia majina ya watu wa rika langu. Baada ya hapo, ugomvi wa bei niliolala nao jana yake naweza kuumaliza kwa simu moja.

Ukitaka kuanza, anza na simu kulala sebuleni. Na usitangaze kwenye grupu kwamba umeanza.