Kuzungumzia pesa za matumizi bila ugomvi

Dada, umeuliza useme vipi na mumeo kuhusu pesa za matumizi bila kuishia kwenye ugomvi. Mawasiliano yasiyo ya shari, mbinu ya mwanasaikolojia Mmarekani Marshall Rosenberg, yana sehemu nne: ulichokiona, unavyojisikia, unachohitaji, unachoomba.

Wengi hukwama kwenye ya kwanza. "Hujali nyumba hii" ni hukumu, atajitetea tu. Sema asichoweza kukikana: "Wiki hii umeacha pesa siku mbili tu." Epuka "kila siku", maana atatafuta siku moja ya kukukanusha na mada itapotea.

Hisia nayo ina mtego. "Najisikia umenidharau" bado ni shutuma. Sema, "Nina wasiwasi, nahitaji kujua watoto watakula nini kesho."

Kisha omba kitu kimoja kinachotekelezeka: "Tukae Jumapili jioni, nusu saa, tupange bajeti ya wiki?" Akikataa ukanuna, basi lilikuwa agizo, si ombi, na imani hupungua hapo hapo. Muulize kinachomzuia, na kabla ya kujibu rudia ulichosikia. Huenda kazi imeyumba na anaona aibu kusema.

Usianze akiwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Na kama anakupiga, tafadhali acha haya yote. Tafuta kwanza mtu wa kukulinda.