Ubuntu inalia haioni ssl.h wakati OpenSSL ipo

Ndugu, umesema OpenSSL (maktaba ya usimbaji wa data) unayo, lakini ukipiga make, amri ya kujenga programu kutoka msimbo wake, inakatika na "openssl/ssl.h: No such file or directory". Usiifute, haijaharibika.

Kwenye Ubuntu na Debian maktaba moja hugawanywa pakiti mbili. Uliyo nayo ina libssl.so.3, ambayo programu iliyokwisha kujengwa huitumia ikiendeshwa. Kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, inataka mafaili ya .h (maelezo ya maktaba), na kile kiungo cha libssl.so kisicho na namba. Hivyo vimo kwenye pakiti yenye mkia wa -dev:

sudo apt install libssl-dev

Kisha rudia ./configure (hukagua mashine kabla ya kujenga), ndipo make. Kwa wa Fedora, mkia ni -devel.

Bila shaka utakwama tena kwa faili jingine, maana haya hayaji peke yake. Usibahatishe jina la pakiti. Sakinisha apt-file, inayotafuta faili limo pakiti gani, piga sudo apt-file update, halafu, kwa mfano, apt-file search zlib.h. Itakutajia zlib1g-dev, jina ambalo sijui nani angelikisia! Ukiona "cannot find -lz", ugonjwa ni uleule: toa -l, weka lib, tafuta libz.so.

Ikijengeka lakini ikagoma kuwaka kwa "error while loading shared libraries", na maktaba uliijenga mwenyewe ikaingia /usr/local/lib, piga sudo ldconfig tu, mfumo uisajili maktaba hiyo.

Ila usiokote .so mtandaoni ukaipachika /usr/lib. Niliwahi kufanya hivyo na libc, maktaba ambayo karibu kila programu huitegemea. Hata ls, amri ya kuorodhesha mafaili, ikagoma.