Kwa binti wa Ngarenaro aliyeniuliza kuhusu famasi

Juzi msomaji mmoja kanitumia ujumbe mrefu. Kamaliza kidato cha nne, anataka diploma ya famasi, lakini baba yake kamwambia hiyo ni kazi ya kukaa dirishani kugawa dawa, bora akasome unesi. Nilicheka, halafu nikakasirika. Mimi nami niliambiwa hivyohivyo na baba mdogo, Krismasi, ukoo mzima umerudi Kilimanjaro: "Tuchange ada ili mtu akauze Panadol?" Siku hizi huyohuyo akiandikiwa dawa hamezi mpaka anipigie simu. Napokea, lakini sijasahau.

Mdogo wangu, mlangoni wanataka D nne za masomo yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Diploma ni miaka mitatu, unaanza ngazi ya 4 unamalizia ya 6. Kabla hujalipa hata fomu, hakikisha chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Bango zuri la barabarani halikuajiri.

Mimi nilisomea Moshi. Kila mtu alikuwa anaogopa majina ya dawa, kumbe yale unakariri tu. Kilichotutoa jasho ni hesabu. Unaambiwa tengeneza gramu 50 za marhamu ya Whitfield, dawa ya kupaka ya fangasi: asidi ya benzoiki asilimia 6, salisiliki asilimia 3. Kwa hiyo gramu 3 na gramu 1.5, unapima kwenye mizani huku mkono unatetemeka. Unasaga unga mpaka ulainike, unaanza kuuchanganya na mafuta kidogokidogo. Ukiharakisha zinabaki chenga. Mwalimu wetu alikuwa anajipaka nyuma ya kiganja. Akihisi mchanga, anakurudishia kopo bila kusema neno. Fanya hesabu, mdogo wangu. Fanya hesabu.

Ukienda hospitali kwa mafunzo ya vitendo ndipo utaelewa dirisha ni nini. Anakuja mama na mtoto wa kilo 12, ana malaria, kaandikiwa dawa mseto. Kidonge kimoja kutwa mara mbili, siku tatu, jumla vidonge sita. Rahisi, eti? Ila dozi ya pili inatakiwa yapite masaa nane tangu ya kwanza, halafu siku ya pili na ya tatu ampe asubuhi na jioni. Akimeza cha kwanza saa nne asubuhi, cha pili ni saa kumi na mbili jioni. Ukimwambia tu "kutwa mara mbili", atampa muda anaojua yeye. Tena ampe na maziwa au chakula chenye mafuta, ndipo dawa inyonywe vizuri mwilini. Mwambie, halafu mwambie akurudishie alichosikia, hata kama foleni imefika getini na watu wanakusonya. Na mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, arudi. Hayo ndiyo baba yako anaita kukaa.

Sasa lile linaloniuma. Nilipomaliza, kabla sijapata ajira, tajiri mmoja wa maduka ya dawa hapa Arusha alinifuata. Hakunitaka mimi, alitaka cheti changu kining'inie ukutani, muuzaji awe mpwa wake, mimi nipokee hela kila mwezi nikiwa nyumbani. Hela ilikuwa nzuri na mfuko wangu ulikuwa mtupu. Nilikataa. Akanitangaza mjini kwamba najidai, na milango kadhaa ikafungwa. Wapo niliosoma nao waliokubali, wakatangulia kupanga nyumba nzuri, mimi bado nabanana kwenye vifodi, daladala zetu za hapa. Sawa. Lakini Baraza la Famasi lipo kwa mujibu wa sheria ya 2011, na likikufutia usajili, ile miaka mitatu imekwenda na maji. Vijana wa sasa mnapenda hela ya haraka kuliko jina lenu. Cheti si kiwanja, hakipangishwi! Mpwa wa mtu akimpa mgonjwa dawa isiyo yake, jina lililopo ukutani ni lako.

Umeuliza pia kama unaweza kusoma huku unamsaidia mama duka asubuhi. Hapana. Zamu za hospitali zinaanza asubuhi na mahudhurio yanahesabiwa. Duka liwe la likizo. Na kama hesabu za asilimia na uwiano zinakusumbua, tafuta mtu akufundishe sasa hivi, kabla chuo hakijafunguliwa.