Wi-Fi kukatika jioni na taa ya LOS haijawaka

Bosi, kama LOS, ile taa ya rauta yenye huwaka nyekundu signali ya faiba ikipotea, haiwaki, basi kwa kawaida waya wa faiba uko sawa, hapo shida mara nyingi ni msongamano wa Wi-Fi. Mimi hufunga hizi rauta kwa ploti za Pipeline na Kasarani hapa Nairobi, kila nyumba iko na yake na nyingi zinang'ang'ania masafa ya 2.4 GHz yenye iko na chaneli 3 tu zenye hazigongani, 1, 6 na 11, sasa watu wakirudi kazi jioni zinaanza kusumbuana. Hamisha simu na TV kwa masafa ya 5 GHz, ingawa hiyo haipiti ukuta vizuri. Kuhakikisha, chomeka laptop na waya, ikikaa bila kukatika umejua ni Wi-Fi. LOS ikiwaka nyekundu achana na setingi, angalia kama ule waya mwembamba wa faiba umekunjika nyuma ya meza.