Jibu: Kumhoji msanii wa vyumba

Mkuu, umeuliza umhojije yule kijana wa Kibirizi, Kigoma, aliyejaza nyavu chakavu za dagaa chumbani akasema ni sanaa. Usianze na "ina maana gani?" Atakujibu kwa mkato, mwishie hapo.

Ilya Kabakov, msanii wa Kisovieti aliyegeuza vyumba vizima kuwa sanaa, mwaka 1985 alitengeneza chumba chenye kuta za mabango, tundu darini na kiti cha kumrusha mtu angani. Mhakiki Boris Groys alizungumza naye kirefu, kama marafiki, mpaka mazungumzo yakachapishwa.

Nawe zungumza hivyo na kijana wako: muulize nyavu zilitoka mtumbwi gani, nani alizishona, mbona mlango kauacha nusu wazi. Akinyamaza, nyamaza nawe, kinasa kiendelee. Ila zima feni. Mimi nilirekodi msanii mmoja pale Mwanga, saa nzima nikaambulia feni tu.