Mwanangu, Kikao Chenu Ni Tarehe Ngapi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili mama yako akiwa pembeni akinikatiza kama kawaida yake. Umeniuliza, kwa kuwa umekabidhiwa kuanzisha kitengo cha tathmini ya teknolojia za afya hospitalini mwenu, yaani cha kupima kama kifaa kinafaa kabla hakijanunuliwa, ni njia ipi iliyo bora: fomu fupi waliyoibuni Wadenmarki au ripoti ndefu yenye mapitio ya tafiti na hesabu za gharama. Fomu uliyoniletea nimeipitia yote, maswali 26, yanayohusu teknolojia yenyewe, mgonjwa, mpangilio wa kazi na uchumi. Ni nzuri. Ripoti ndefu nayo ni nzuri, ukiwapata watu wa kuiandika. Lakini mimi ningetaka kujua ripoti hiyo itasomwa siku gani, na mezani atakuwa ameketi nani. Utasema mzee ameanza tena. Naam, nimeanza tena: mashine hainunuliwi na hospitali, hununuliwa na kikao.

Ile mashine ya kupima kemia ya damu unaikumbuka, maana ilitajwa sana nyumbani mpaka ukampa paka wetu jina lake. Usilolijua ni jinsi habari zake zilivyonifikia. Mimi niliyekuwa mkuu wa maabara niliambiwa na mtunza stoo. Nikakaa usiku baada ya zamu, kwa sababu mchana haukuwa na saa hata moja ya kuandika, nikajaza kurasa kumi na moja. Nilionyesha kwamba bei ya kununulia ilikuwa ndogo kwa kuwa mashine haikukubali vitendanishi, zile kemikali za kupimia, vingine ila vya mtengenezaji wake, na kwamba huko ndiko fedha zitakakokwenda mwaka baada ya mwaka. Nikaeleza pia kwamba fundi wetu wa vifaa tiba alikuwa mmoja tu, na hakuwahi kufundishwa mashine ya aina ile.

Kikao kilikaa. Walikuwamo mkurugenzi, mhasibu, afisa ununuzi, daktari bingwa aliyeiona mashine kwenye maonyesho, na wakala wa muuzaji. Kutoka maabara hakuwamo mtu. Mwishoni niliitwa, nikaingia na ripoti yangu kwapani, nikaulizwa mlango wa maabara una upana gani. Nikajibu sentimita 90. Wakanishukuru, nikatoka. Mpaka leo nikipita kwenye mlango wowote wa maabara, namba hiyo hunijia.

Mashine ilifanya kazi miezi saba. Fedha za kununua vifaa zilikuwa kwenye fungu moja na fedha za vitendanishi kwenye fungu jingine, na waliopitisha fungu la kwanza hawakuwauliza wenye fungu la pili. Ikafunikwa shuka la wodini.

Mama yako husema mkurugenzi alinidharau, na kwa miaka mingi nilikubaliana naye. Siku hizi sina hakika. Ripoti yangu ilifika mezani kwake siku tisa baada ya zabuni kufungwa, na pendekezo lenyewe nililiweka ukurasa wa kumi. Nani angelifikia? Lakini hapohapo najibishana na nafsi yangu: kuchelewa kulikuwa kwangu, ila ratiba ya zamu ndiyo iliyonichelewesha, na ratiba ile hakuipanga mtu aliyefikiri kwamba tathmini ni kazi. Na yule bingwa niliyemchukia hakuwa mtu mbaya. Wagonjwa wake walingoja majibu hadi siku ya pili, nami katika kurasa zote kumi na moja sikuwahi kumuuliza anahitaji nini. Niliona kwamba najua. Hilo huniuma kuliko ule mlango.

Ndiyo maana nilipendezwa na habari za kitengo cha hospitali za Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, kilichoanzishwa mwaka 2001. Waliokiongoza walieleza kwamba mapendekezo yao yalifuatwa kwa sababu yalijibu maswali ya hospitali yenyewe, yalitoka kwa wakati, na yalipitishwa na kamati iliyokuwa na watawala, wataalamu wa afya na wawakilishi wa wagonjwa. Hesabu nzuri hata mimi nilikuwa nazo; sikuwa na kiti. Kwa hiyo kabla ya kuchagua fomu, dai saa za kazi hiyo ziandikwe kwenye ratiba, na ombi la ununuzi lisipite bila karatasi yako. Kisha kaa na fundi, na muuguzi wa zamu ya usiku, na hasa yule daktari anayeitaka mashine kwa pupa. Mashine hununuliwa na kikao, mwanangu, na kikao huanza siku nyingi kabla ya viti kupangwa.

Hukuniuliza kama ulifanya vyema kukubali cheo hicho chini ya mkurugenzi aliyekupa ofisi bila msaidizi. Ninalo jibu, na mama yako analo lake, la ukali zaidi. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu, na sasa naiacha imefutwa, ingawa si kwa kupenda. Niandikie kwanza kikao chenu cha bajeti ni tarehe ngapi, na kama umealikwa.

Baba yako.