Kuamrisha wanajua wengi. Nani alikubali lawama?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Kati ya marais na majemadari wa Marekani, nani alijua kuamrisha kuliko wote?", nililisoma jana mchana na hadi usiku lilikuwa halijaniacha. Najua majibu mtakayopokea. Wengi watamtaja Patton na vifaru vyake, wengine MacArthur, na wazee wenzangu watasema Washington, kwa kuwa alishinda vita kisha akarudi shambani kwake. Mimi naomba nijibu jambo lililo jirani na hilo. Mwenye cheo akisema "nendeni", watu huenda; ndivyo jeshi lilivyo, na ofisi nyingi pia. Ninachotaka kujua ni kwamba siku mambo yalipoharibika, yeye alisimama wapi.

Nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, sehemu kubwa zamu za usiku. Kuna usiku mitungi ya oksijeni ilituishia wodini, nasi tulikuwa tumeshaiomba kwa maandishi zaidi ya mara moja. Asubuhi kikao kikaitishwa, mkubwa wetu akakaa mbele na kutamka kwamba kumetokea uzembe wa zamu. Barua zetu za maombi zilikuwa kwenye faili, mezani kwake. Waliowahi kukaa kwenye vikao vya namna ile hawahitaji maelezo zaidi. Barua ya kujieleza niliyoandikishwa siku ile inaniuma mpaka leo, na ndiyo maana mtu wangu ni Dwight Eisenhower. Sababu yenyewe ni kikaratasi kimoja.

Juni 1944, kwenye Vita Kuu ya Pili, yeye ndiye aliyekuwa Kamanda Mkuu wa majeshi ya Washirika waliopigana na Wajerumani katika Ulaya ya Magharibi. Uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa, ulipangwa kufanyika tarehe 5. Tarehe 4 bahari ikachafuka, akaahirisha, huku maelfu ya askari wakiwa wameshapakiwa melini wanatapika. Vikao vilifanyika karibu na Portsmouth, Uingereza, na aliyesubiriwa kwa hamu kuliko majemadari wote alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, James Stagg. Stagg akasema dhoruba itatulia kidogo tarehe 6, kwa muda mfupi tu. Wakiukosa muda huo, maji kupwa yasingekaa tena kwa namna waliyoihitaji mpaka wiki mbili baadaye, na safari hiyo bila mbalamwezi. Waliomzunguka hawakuwa na sauti moja. Montgomery, jemadari Mwingereza wa majeshi ya nchi kavu, alitaka waende. Leigh-Mallory, mkuu wa vikosi vya anga, alikuwa na wasiwasi, na siku chache kabla alikwisha kumwonya kwamba askari wa miavuli watakufa kwa wingi wa kutisha. Eisenhower akawasikiliza, akaamua waende.

Hadi hapo ni amri tu. Ila tarehe 5 hiyohiyo, meli zikiwa zimeelekezwa Ufaransa na yeye hana tena la kufanya, alichukua penseli na karatasi ndogo akaandika taarifa ya kushindwa, ya kutangazwa endapo askari wake watarudishwa baharini. Kwanza aliandika kwamba kutua kumeshindikana na askari wameondolewa. Akafuta, akaandika kwamba yeye ndiye aliyewaondoa. Sentensi iliyofuata ilianza na habari za operesheni hiyo. Nayo akaifuta, akaanza upya na uamuzi wake mwenyewe wa kushambulia mahali pale na wakati ule. Askari wa nchi kavu, wa anga na wa majini, aliandika, wamefanya yote ambayo ushujaa na uaminifu kwa kazi unaweza kufanya. Kama kuna lawama au kosa lolote, ni langu peke yangu. Chini ya maneno hayo ya mwisho akapiga mstari.

Tarehe aliikosea: aliandika Julai 5. Kosa hilo ndilo linalonifanya niiamini karatasi ile kuliko hotuba zake zote. Mimi nimeandika ripoti za kukabidhi zamu alfajiri, naujua mkono wa mtu ambaye hajalala. Hakuwa anaandikia historia. Aliikunja akaitia kwenye pochi, na jioni akaenda Greenham Common kuwaona vijana wa miavuli wa Divisheni ya 101, nyuso wamezipaka rangi nyeusi, walewale ambao alionywa kwamba wataangamia. Akaongea nao, akawauliza wametoka majimbo gani, akabaki pale hadi ndege zao zinaruka. Siku ya pili waliingia Normandy watu wapatao 156,000 na karatasi haikuhitajika. Julai aliikuta bado iko kwenye pochi, akamwonyesha msaidizi wake, Harry Butcher, ambaye ndiye aliyeomba aihifadhi.

Sasa mpimeni MacArthur kwa kipimo hicho. Oktoba 1950, akiongoza majeshi kule Korea, alikutana na Rais Truman kwenye kisiwa kiitwacho Wake, akamhakikishia kwamba hakuna hatari kubwa ya China kuingia vitani Korea. Wachina wakaingia kwa mamia ya maelfu, naye akaielekezea lawama serikali kule Washington, kwamba amefungwa mikono. Aprili 1951 Truman akamwachisha kazi, akijua wananchi watamzomea yeye, na kweli walimzomea. Kennedy naye, uvamizi wa Cuba uliposhindwa Aprili 1961, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema yeye ndiye mwenye dhamana. Vizuri. Lakini kura za maoni zilimpandisha hadi asilimia 83, na kabla mwaka haujaisha mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, Allen Dulles, alikuwa ameondoka. Simwiti Kennedy mwongo. Nasema lawama iliyompa faida siwezi kuipima sawa na ile iliyofichwa kwenye pochi.

Nilikusudia kumaliza hapa na kumpa Eisenhower kura yangu. Lakini huyohuyo alikuja kuwa rais, na kuna Kongo.

Tarehe 18 Agosti 1960 aliongoza kikao cha Baraza la Usalama la Taifa. Mwaka 1975 aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao hicho, Robert Johnson, aliieleza kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church kwamba siku ile alimsikia rais akisema jambo ambalo yeye alilielewa kuwa ni amri ya kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo. Wengine waliokuwemo walisema hawakusikia amri kama hiyo. Kwenye kumbukumbu zilizoandikwa neno hilo halimo. Septemba, CIA ilipeleka sumu Léopoldville, Kinshasa ya leo. Haikutumika, Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, kwa mikono ya Wakatanga na Wabelgiji, siku tatu kabla Eisenhower hajakabidhi madaraka. Kamati ilisema ushahidi unatosha kumfanya mtu adhani kwa haki kwamba amri ilitoka kwa rais, lakini haukutosha kulimaliza jambo.

Sisi tunaopita Mtaa wa Lumumba kila siku hatuwezi kulisoma hilo kama habari ya mbali. Mtu aliyefuta sentensi mbili ili jina lake liwe juu ya kushindwa, miaka 16 baadaye anaongoza kikao ambacho hatujui kwa hakika alisema nini. Huenda Johnson alielewa vibaya. Nalikubali hilo kwa haki. Lakini tangu nilipofika aya hii siwezi tena kuandika "Eisenhower" kwenye nafasi ya jibu.

Naandika Lincoln. Tarehe 13 Julai 1863, kwenye vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, baada ya Vicksburg, ngome ya waasi wa Kusini, kuanguka, alimwandikia Jenerali Grant kuhusu mpango wa vita ile: "Wewe ulikuwa sahihi nami nilikosea." Rais, kwa jenerali wake, na wala hakuombwa. Kesho yake alimwandikia jenerali wake mwingine, Meade, barua ya hasira kwa kumwacha Lee, jemadari wa waasi, avuke mto Potomac baada ya kushindwa Gettysburg, kisha hakuituma. Kosa lake alilipeleka, hasira yake akabaki nayo.

Simpi kwa moyo mweupe. Desemba 1862, baada ya tume ya kijeshi kule Minnesota kuwahukumu kifo Wadakota 303, wenyeji wa asili wa nchi ile, alipitia mashauri yao na kuandika kwa mkono wake majina 39 ya watakaonyongwa. Wakanyongwa 38 siku moja, mjini Mankato. Aliokoa wengi, na waliobaki aliwaua baada ya mashauri yaliyoendeshwa mbiombio, mengine kwa dakika chache. Ila orodha ipo, ina mwandiko wake, na wajukuu wa waliokufa wanajua wamuulize nani.

Kwa hiyo kura yangu ni Lincoln, kwa masharti hayo. Na kama mnahesabu kura kwa mwaka badala ya maisha yote ya mtu, ya 1944 mpeni Eisenhower. Ya 1960 msimpe.